Kilichovuka Bahari na Kilichobaki Ng'ambo

Kwa maelfu ya miaka kabla ya mwisho wa karne ya 15, nchi za dunia ziligawanyika katika pande mbili ambazo viumbe vyake havikukutana: upande mmoja Afrika, Ulaya na Asia, zilizounganishwa na nchi kavu na bahari zinazopitika, na upande wa pili Amerika, ambako watu walifika tangu enzi za kale sana, kisha njia waliyopitia ikafunikwa na maji barafu ilipoyeyuka. Safari ya Christopher Columbus ya mwaka 1492 ilizikutanisha pande hizo, na tangu hapo mimea, wanyama, wadudu na vimelea vya maradhi vikaanza kuvuka bahari kwa kasi isiyokuwa na mfano. Mwanahistoria wa Marekani, Alfred Crosby, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1972, aliyaita mambo hayo mabadilishano ya Columbus, akishikilia kwamba matokeo ya kibiolojia ya safari zile, yaani yale yanayohusu uhai wa viumbe, yalidumu na kuenea kuliko matokeo ya kisiasa ambayo vitabu vilizoea kuyasimulia. Hoja yake imekubalika, lakini mara nyingi hufundishwa kama orodha tu ya vitu vilivyokwenda na vitu vilivyokuja, na orodha ya namna hiyo huficha jambo kubwa zaidi, kwamba hakuna kiumbe kilichovuka na ulimwengu wake wote. Mmea uliacha nyuma wadudu waliokuwa wakiula na watu waliojua kuupika, na ugonjwa uliacha nyuma jamii zilizokwisha kuuzoea. Faida na hasara ya kila uvukaji ilitegemea sana kile kilichobaki ng'ambo, na Afrika Mashariki, ambayo kwa kawaida hutajwa pembezoni mwa historia hii, ni mahali ambapo jambo hilo huonekana wazi kabisa.

Ushahidi ulio mzito zaidi, hata hivyo, unatoka Amerika yenyewe. Mwaka 1493 Columbus alirudi katika kisiwa cha Hispaniola, ambacho leo kimegawanyika kati ya Haiti na Jamhuri ya Dominika, akiwa na merikebu 17 zilizopakia watu zaidi ya 1,000 pamoja na farasi, ng'ombe, nguruwe, kondoo, mbuzi, mbegu za ngano na vipande vya miwa. Wanyama hao walizaana upesi katika nchi isiyokuwa na wanyama wakubwa wa kuwawinda wala maradhi yao ya asili, wakaingia katika mashamba ya wenyeji yasiyokuwa na uzio, kwa sababu hapakuwa na mifugo ya kuzuiwa. Mwishoni mwa mwaka 1518 ndui ilifika kisiwani humo, na mwaka 1520 ikavuka hadi Mexico. Ndui ni ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiambukizwa kwa pumzi na kwa kugusana, ukimwachia aliyepona makovu na kinga ya maisha. Kwa hiyo katika nchi ulikozoeleka ulikuwa zaidi ugonjwa wa watoto, na watu wazima wengi walikuwa wale waliokwisha kuugua wakapona. Mahali ambapo hakuna hata mmoja aliyewahi kuugua, watu wazima na watoto hulala kwa pamoja, asibaki wa kuchota maji, wa kupika wala wa kupanda, na njaa humalizia walioachwa na homa.

Mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, ulipatwa na hali hiyo. Mhispania Hernán Cortés na askari wake mia kadhaa walikuwa wamekwisha kufukuzwa mjini katikati ya mwaka 1520, lakini miezi michache baadaye ndui ikaingia, ikamuua mtawala mpya Cuitláhuac pamoja na sehemu kubwa ya raia wake, na Wahispania waliporudi wakiwa na maelfu ya askari wa mataifa jirani yaliyowachukia Waazteki, mji uliokuwa umedhoofika ulianguka Agosti 1521. Si haki kusema kwamba ugonjwa peke yake ndio ulioishinda Amerika, kwa maana vita, kazi za shuruti migodini na mashambani, na kuhamishwa kwa watu kutoka katika vijiji vyao viliongeza vifo na kuwazuia walionusurika wasizaane upya. Hata hivyo makadirio mengi ya wanahistoria huonyesha kwamba katika muda wa takriban karne moja na nusu wenyeji wa Amerika walipungua kwa zaidi ya nusu, na katika maeneo mengi kwa asilimia 80 hadi 90. Pengo hilo la watu, likichanganyika na tamaa ya sukari iliyotokana na vile vipande vya miwa, ndilo lililovuta Waafrika wapatao milioni 12.5 kupakiwa katika merikebu za watumwa kuvuka Atlantiki, na wapatao milioni 1.8 kati yao hawakufika wakiwa hai.

Merikebu hizohizo zilivusha pia mbu wa Afrika na virusi vya homa ya manjano, na hapo mizani ikageuka. Mwishoni mwa mwaka 1801 Napoleon alimtuma jenerali Charles Leclerc na jeshi kubwa kuirudisha Haiti chini ya Ufaransa na utumwa, lakini askari waliotoka Ulaya, ambao hawakuwahi kuiugua homa hiyo utotoni, walikufa kwa maelfu, na Leclerc mwenyewe akafa Novemba 1802. Waliokuwa watumwa walipigana kwa ushujaa usiohitaji msaada wa mbu ili kuheshimiwa. Walichokuwa nacho zaidi ya ushujaa ni miili iliyokwisha kuijua nchi, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru.

Afrika Mashariki iliingia katika mabadilishano haya ikiwa na historia tofauti, kwa kuwa pwani yake haikumngoja Columbus ili ikutane na ng'ambo. Pepo za kaskazi, zinazovuma kutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu na mwisho wa mwaka, na za kusi, zinazorudi kinyume chake katikati ya mwaka, zilikuwa zikisukuma majahazi kati ya pwani hii, Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi kwa zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Malindi mwaka 1498. Migomba, minazi, viazi vikuu, kuku na mpunga ni viumbe wa Asia waliofika kwa njia za Bahari ya Hindi, na migomba hasa ilipokewa bara kwa mikono miwili hata ikawa msingi wa maisha ya Buganda, Bukoba na nchi nyingine za Maziwa Makuu, ambako wakulima walizalisha aina nyingi ambazo hazipatikani Asia ilikotoka. Mawasiliano hayo ya kale yalileta pia ndui na maradhi mengine ya Asia, na kwa sababu hiyo Wareno walipoishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505 hawakutanguliwa na tauni iliyowafagilia njia kama Wahispania walivyotanguliwa Mexico. Walipata bandari na ngome, lakini nchi yenyewe ilibaki kuwa ya wenyewe, na mwaka 1698 Ngome ya Yesu ya Mombasa, waliyoanza kuijenga mwaka 1593, ilitekwa na Waomani.

Walichokiacha Wareno kilikuwa kikubwa kuliko ngome zao. Kutoka Amerika, kupitia bandari walizozishika katika pande zote mbili za Afrika, yalifika mahindi, muhogo, viazi vitamu, karanga, maharage, nanasi, papai, mapera, pilipili, tumbaku na korosho, na hakuna amri ya serikali wala mahubiri yaliyohitajika ili mazao hayo yakubaliwe. Mahindi yalienea kutoka visiwani na pwani kwenda bara pamoja na misafara ya pembe za ndovu, hasa katika karne ya 19, wakati wapagazi kwa maelfu walipopita kati ya Bagamoyo na Ujiji wakihitaji chakula njiani. Sababu ya kupendwa kwake hujulikana na kila aliyewahi kulima mtama. Suke la mtama hukaa wazi juu ya bua, na kuanzia punje zinapoanza kujaa hadi siku ya mavuno mtu, mara nyingi mtoto, hulazimika kushinda shambani kuanzia alfajiri akiamia ndege, ilhali gunzi la mahindi limefungwa ndani ya maganda yake na ndege hawalipati kwa urahisi. Zaidi ya hayo, mahindi mabichi huweza kuchomwa au kuchemshwa wiki kadhaa kabla ya mavuno, katika majira ambayo ghala la mwaka uliopita limekwisha kubaki tupu. Udhaifu wake ulionekana baadaye, kwamba mtama huvumilia ukame na kuendelea mvua irudipo, lakini mahindi yakikosa mvua katika siku chache zile yanapotoa mbelewele na ndevu, msimu wote umepotea.

Udhaifu mwingine haukutokana na mmea bali na maarifa yaliyoachwa nyuma. Wenyeji wa Mexico na nchi jirani walikuwa wakichemsha mahindi pamoja na chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na leo inafahamika kwamba njia hiyo huifungua vitamini ya aina ya niasini, ambayo katika mahindi ya kawaida imefungamana kiasi kwamba mwili hauwezi kuitumia. Wazungu waliichukua punje wakaiacha chokaa, wakiiona desturi ya washenzi, na popote ambapo maskini walikula mahindi bila kitoweo cha kutosha palizuka pelagra, ugonjwa unaochubua ngozi, kuharisha na mwisho kuvuruga akili. Daktari Mhispania Gaspar Casal aliueleza kati ya wakulima wa Asturias katika karne ya 18, na mwanzoni mwa karne ya 20 ulikuwa ukiua maelfu kusini mwa Marekani kabla ya daktari Joseph Goldberger kuthibitisha kwamba hauambukizwi bali unatokana na lishe. Haiwezekani kuisoma habari hiyo bila uchungu, kwa maana dawa ilikuwa jikoni kwa watu walewale ambao mbegu yao ilichukuliwa.

Muhogo unatoa mfano ulio kinyume. Ni mmea wa Amerika ya Kusini ulioletwa na Wareno katika pwani ya Kongo na Angola katika karne ya 16, na kwa upande wa mashariki ukafika baadaye kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Aina chungu za muhogo zina kemikali ambayo mzizi ukikatwa huzalisha sianidi, sumu inayoweza kuua, na mmea hujilinda kwayo dhidi ya nguruwe pori, nyani na wezi. Wakulima wa Afrika, na hasa wanawake, ambao ndio walioshika kazi ya kusindika chakula, walibuni njia zao wenyewe za kuiondoa sumu hiyo. Katika bonde la Kongo mizizi hulowekwa majini kwa siku kadhaa mpaka ilainike, kisha hukaushwa na kusagwa unga wa fufu. Katika Kanda ya Ziwa ya Tanzania mizizi iliyomenywa hurundikwa na kufunikwa mpaka ivunde na kuota ukungu, ukungu hukwanguliwa, vipande vikaanikwa juani, navyo vikikauka huitwa udaga. Kwingineko hukatwa na kuanikwa kuwa makopa. Majani yake, kisamvu kwa Watanzania na sombe kwa watu wa mashariki ya Kongo, hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu iyohiyo. Huu ni uvumbuzi wa kisayansi unaostahili kutajwa katika vitabu pamoja na uvumbuzi wowote wa zama zake, ingawa wavumbuzi wake hawakuandikwa majina.

Gharama ya kuufupisha usindikaji huo ilionekana wilayani Tarime, katika mkoa wa Mara, mwaka 1985. Ukame ulikuwa umeyaangamiza mazao mengine, muhogo mchungu ukabaki kuwa chakula pekee, na watu wenye njaa wakafupisha siku za usindikaji. Matokeo yake watu, wengi wao wanawake na watoto, waliamka ghafla miguu ikiwa imekakamaa isirudi tena katika hali yake. Madaktari waliotafiti waliutambua kuwa konzo, ugonjwa wa neva ulioelezwa kwa mara ya kwanza nchini Kongo mwaka 1938, unaompata mtu aliyekula sianidi nyingi huku akikosa protini ya kuusaidia mwili kuipooza.

Mazao ya biashara yalivuka kwa namna nyingine, chini ya bunduki na amri. Waholanzi waliilinda mikarafuu katika visiwa vya Maluku kwa ukali mkubwa, lakini mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kupata miche yake na kuipanda Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 mikarafuu ikafika Unguja kutoka katika visiwa hivyo vya Wafaransa. Mtawala wa kisiwa hicho, Sayyid Said bin Sultan, aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi, na kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ikafanywa na watumwa walioletwa kwa maelfu kutoka bara kupitia Kilwa. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba, ambayo tangu hapo ndiyo imekuwa kitovu cha zao hilo. Mkonge nao ulifika mwaka 1893, pale Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ni miche 62 tu iliyofika Tanga ikiwa hai, na kutokana na hiyo yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote wa katani duniani katika miaka ya 1960.

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilileta aina nyingine ya shehena. Kipindupindu, ugonjwa wa kuharisha wenye asili ya Bara Hindi, kiliipiga Zanzibar zaidi ya mara moja, na mlipuko wa 1869 hadi 1870 uliandikwa kwa makini na James Christie, daktari aliyeishi Unguja, ambaye alionyesha kwamba safari hiyo ugonjwa haukuja kwa jahazi bali ulishuka kwa nchi kavu kutoka upande wa Bahari ya Shamu, ukapita nchi ya Wamaasai hadi Pangani ndipo ukavuka kisiwani. Njia za misafara zilikuwa zimekwisha kuliunganisha bara na bandari kiasi kwamba maradhi yaliweza kuingia kwa mlango wowote.

Miaka miwili baadaye mlango wa magharibi ulifunguka. Mwaka 1872 merikebu iitwayo Thomas Mitchell iliyotoka Rio de Janeiro ilifika Ambriz, katika pwani ya Angola, ikiwa na farumi ya mchanga, yaani uzito unaowekwa chini ya chombo kisicho na shehena ya kutosha ili kisipinduke, na ndani ya mchanga huo mlikuwa na funza, ambaye wengine humwita tekenya. Mdudu huyu ni kiroboto wa Amerika asiyezidi ukubwa wa chembe ya mchanga. Jike lake hujichimbia katika nyayo au chini ya kucha, likavimba mpaka kufikia ukubwa wa njegere, na kutoka humo hutoa mayai yake. Katika nchi alikozoeleka, watu hukagua miguu ya watoto kila jioni na kumtoa mzima kwa mwiba au sindano kabla hajapasuka. Maarifa hayo mepesi yalibaki Brazil. Funza aliupanda Mto Kongo pamoja na wapagazi na askari wa misafara, akayafikia Maziwa Makuu, na kabla ya mwisho wa karne akawa amefika katika pwani ya Bahari ya Hindi, akiacha njiani watu waliopoteza vidole kwa vidonda vilivyooza, vijiji vizima visivyoweza kwenda shambani, na wengine waliokufa kwa sumu ya vidonda hivyo. Aliivuka Afrika yote kwa muda usiozidi miaka 30, kwa miguu ya binadamu.

Kabla funza hajafika pwani, sotoka ilikuwa imekwisha kuingia kutoka kaskazini. Sotoka ilikuwa ugonjwa wa virusi vya jamii ya surua uliowashika ng'ombe, nyati na wanyama wengine wenye kwato zilizopasuka. Mnyama alipandwa na homa, akatokwa na vidonda mdomoni, akaharisha na kufa kwa muda wa siku chache. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba uliingia Massawa mwaka 1887 pamoja na ng'ombe walioletwa na jeshi la Italia, ukaiangamiza mifugo ya Ethiopia na kuleta njaa kubwa, ukafika nchi ya Wamaasai karibu na mwaka 1890, ukauvuka mto Zambezi mwaka 1896 na kumalizikia kusini kabisa mwa bara. Katika sehemu nyingi uliua ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Kwa mfugaji ng'ombe alikuwa chakula, mahari, fidia, sadaka na urafiki kati ya koo, hivyo kufa kwake kulivunja chakula na sheria kwa wakati mmoja. Wamaasai, ambao mifugo yao ilipatwa pia na homa ya mapafu ya ng'ombe na wao wenyewe wakapatwa na ndui, huziita siku hizo Emutai, wakati wa kuangamizwa. Msafiri Oscar Baumann wa Austria, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliwakuta watu waliobaki mifupa wakijaribu kula ngozi na pembe, akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamaasai walikuwa wamekufa.

Tarehe hizo zikiwekwa kando ya tarehe za ukoloni, ulinganifu wake hauwezi kupuuzwa. Kampuni za Wajerumani na Waingereza ziligawana nchi kuanzia miaka ya 1880, Uganda ikatangazwa kuwa himaya ya Uingereza mwaka 1894 na nchi ya Kenya ya leo mwaka 1895. Yaani mataifa ya kigeni yaliingia bara katika miaka ileile ambayo wafugaji, waliokuwa wameogopwa na misafara yote kwa muda mrefu, hawakuwa na ng'ombe wala nguvu. Upinzani haukukosekana, na ushindi wa Wahehe wa Mkwawa dhidi ya Wajerumani pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 watosha kuuthibitisha. Lakini walowezi waliokuja Kenya kuanzia mwaka 1902 waliyaona mashamba ya Wakikuyu upande wa Kiambu yamerudi kuwa kichaka baada ya ndui na njaa ya 1898 hadi 1899, wakasema nchi haina mwenyewe, na sheria ikaandikwa juu ya msingi wa kosa hilo. Wenye ardhi walikuwa wamekufa au wamekimbilia kwa ndugu, na waliporudi waliambiwa ni maskwota.

Mwanazuoni Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu Tanganyika, alieleza jinsi maafa hayo yalivyovunja utaratibu wa wenyeji wa kuyatawala mazingira yao. Ng'ombe na watu walipokuwa wengi, ulishaji, uchomaji na ulimaji vilivizuia vichaka na kumweka mbali mbung'o, inzi anayebeba vimelea vya malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo. Baada ya sotoka, vichaka viliota katika malisho yaliyoachwa, wanyamapori wakaongezeka upya haraka kuliko watu na mifugo, na mbung'o akarudi akitanuka hadi mahali ambapo hakuwahi kuwa tishio. Si kila mtaalamu anayekubali kwamba hali ya kabla ya hapo ilikuwa nzuri kiasi alichoamini Kjekshus, lakini kiini cha hoja yake kimesimama. Maofisa wa kikoloni waliyaona mapori hayo wakayadhani kuwa ni asili isiyoguswa, na baadhi yakafanywa hifadhi, wazao wa wafugaji wakizuiwa kurudi.

Dawa ya maafa hayo ilitoka katika eneo lilelile. Katika maabara ya Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1950 chanjo ya sotoka iliyokuwa salama na ya bei nafuu. Ng'ombe wa kuzunguka Serengeti walipochanjwa, sotoka ilitoweka hata kwa nyumbu, ambao hawakuchanjwa kabisa, na idadi yao ikapanda kutoka takriban 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya 1,000,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Makundi ambayo watalii huyaona leo ni matunda ya sindano waliyodungwa ng'ombe. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetokomezwa duniani, ugonjwa wa pili baada ya ndui kufikia hatua hiyo.

Kwa upande wa mazao, hesabu bado haijafungwa, kwa sababu maadui walioachwa ng'ambo wamekuwa wakifuata kwa kuchelewa. Ireland ilipata somo hilo mapema: viazi vya milima ya Andes viliwalisha maskini wake kwa vizazi, mpaka mwaka 1845 ulipofika ugonjwa wa mnyauko wenye asili ya Amerika, na katika miaka saba watu wapatao milioni moja wakafa na wengine zaidi ya milioni wakahama. Muhogo wa Afrika uliishi kwa karne nne bila kidung'ata, mdudu mdogo anayefunikwa na unga mweupe na kufyonza utomvu wa chipukizi, kabla hajaonekana Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kusambaa katika nchi nyingi. Watafiti walimtafuta adui wake mahali mmea ulikotoka, wakapata Paraguay mwaka 1981 nyigu mdogo sana anayetaga mayai ndani ya kidung'ata, na nyigu huyo, aliyeachiwa kwanza Nigeria na kisha katika nchi nyingine chini ya usimamizi wa mtafiti Hans Herren, alikishusha kiwango cha wadudu bila mkulima kununua dawa yoyote. Katika miaka hiyohiyo dumuzi wa Amerika ya Kati alitambuliwa Tabora akiyageuza mahindi ghalani kuwa vumbi, na makopa hayakusalimika. Mdudu wa kumla aliachiwa Kenya mwaka 1992, lakini mafanikio yake yakawa haba.

Mwaka 2016 viwavijeshi vamizi, walioyala mahindi ya Amerika tangu zamani, waliripotiwa Afrika Magharibi, na mwaka uliofuata walikuwa katika mashamba ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Wakulima wadogo wasio na uwezo wa kununua viuatilifu hutia majivu au mchanga katika moyo wa mmea ambamo kiwavi hujificha, au humtoa kwa mkono mmojammoja. Watafiti walipokuwa wakijadili kuagiza kutoka Amerika nyigu anayetaga ndani ya mayai ya kiwavi huyo, spishi yenye asili ya Asia iliyopelekwa huko zamani, walimkuta tayari yumo katika mashamba ya Kenya, Niger, Benin, Côte d'Ivoire na Afrika Kusini, ingawa hapakuwa na rekodi ya mtu yeyote aliyemleta.